Mpini Ukiwa Mzito

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Baba yake mtoto ameondoka asubuhi kwenda kwenye kazi yake ya kujenga daraja, mkoa wa mbali, na hatarudi mpaka mvua ziishe. Ameniachia daftari hili. Kasema, "Kichwa chako ni tenga la kutekea maji. Andika mtoto anafanya nini, nikirudi nisome." Nikamwambia darasa la saba mimi nilimaliza kwa kusukumwa kama gari bovu. Kasema andika hivyo hivyo.

Haya. Leo mtoto amejigeuza mwenyewe kutoka chali hadi kifudifudi. Akashangaa kuiona dunia imepinduka, akalia.

Jumanne, tarehe 5

Mawingu tu. Nepi hazikauki.

Alhamisi, tarehe 7

Niandike na kazi, maana ndiyo inayotuweka mjini, ingawa hapa si mjini.

Barabara ya mlimani ina masanduku manne ya chuma yaliyofungwa kwenye nguzo: la Daraja, la Msitu, la Kona na la Kileleni. Ndani ya kila sanduku kuna simu ya kuzungusha. Haitaki umeme wala vocha. Unashika mpini ubavuni, unazungusha, na nguvu ya mkono wako inapita kwenye waya mpaka huku chini kwangu. Simu za mfukoni huku korongoni ni za kutazamia saa. Gari likifeli breki, jiwe likianguka, mtu akiumia, ni sanduku tu. Mimi kazi yangu ni kukaa kwenye chumba hiki karibu na simu kubwa, kuipokea, na kupiga king'ora cha gari la uokoaji lililo hapo uani.

Simu yangu ina kengele juu: vikombe viwili vya shaba na kinyundo kidogo katikati. Ikilia, hata aliyekufa angeuliza kuna nini. Mama mkwe alikikalia kiti hiki miaka mingi, mpaka masikio yakamchoka, ndipo akakiomba kwa ajili yangu. Sasa ukitaka kumwambia kitu simama mbele yake asome midomo. Akiwa hataki kusikia, anafumba macho.

Jumamosi, tarehe 9

Kila asubuhi kuna kuitana. Nazungusha mlio mmoja mrefu, ambao ni wa wote, na kila aliye karibu na sanduku ananyanyua mkonga wa simu. Waya ni mmoja, kwa hiyo wote tunasikiana kama watu waliokaa jamvi moja.

Kwenye Kona yuko mzee wa kuzibua mitaro, tunayemwita Beleshi. Leo kamsikia mtoto akilia nyuma yangu.

"Bosi kaamka?"

"Bosi gani, mzee?"

"Huyo anayekupangia saa ya kulala na saa ya kula. Mimi bosi wangu hajawahi kunitesa hivyo."

Wote wakacheka mpaka Kileleni. Basi mtoto amekwisha kubatizwa. Baba yake akirudi atamkuta anaitwa Bosi.

Jumatano, tarehe 13

Mvua imeanza. Si ya kucheza.

Fundi wa waya kaja kunifundisha, kana kwamba nimeomba. Mtu mwenye madaha, buti zake zinang'aa hata kwenye tope. Kaniambia zungusha. Nikazungusha. Kachomoa waya ukutani, kasema zungusha tena. Mpini ukaenda wenyewe, nusura unitegue kifundo.

"Umeona? Mpini ukiwa mwepesi, unaongea na upepo. Waya umekatika. Ukiwa mzito, waya ni mzima na kuna simu upande wa pili. Ukimuuliza mtu wa juu, muulize mpini ulikuwaje. Mkono haudanganywi."

Nikasema nimeelewa. Kasema, "Rudia." Nikarudia kama mtoto wa chekechea. Simpendi.

Jumapili, tarehe 17

Bosi anaota meno. Joto, kuhara, kilio. Nimembeba tangu jana, mgongo si wangu tena.

Na huyu Fundi. Mvua ikilegeza kiungo hata kimoja anapanda kukifunga, halafu anajaribu. Anazungusha kutoka Msitu. Nampokea, "Nakusikia." Anafunga kingine, anarudi sandukuni, anazungusha tena. Kila nikimlaza Bosi, kengele. Kila akifumba jicho, kengele. Leo nilimwambia, "Fundi, si uamini tu mikono yako?" Kasema, "Mikono naiamini. Ni mvua nisiyoiamini."

Jumatatu, tarehe 18

Nimepata dawa.

Soksi ya Bosi, ile ya rangi ya yai, nimeichomeka katikati ya vile vikombe viwili vya kengele. Fundi alipojaribu, kinyundo kikapiga kitambaa: tk, tk, tk, kama kuku anadonoa. Nimekaa karibu, nimesikia vizuri, nimepokea. Bosi hakushtuka. Amelala mpaka nikawa namgusa kuona kama anapumua.

Akiamka naitoa. Mama mkwe hajaona.

Jumanne, tarehe 19

Soksi. Usingizi. Nimeoga kwa raha kwa mara ya kwanza mwezi huu.

Jumatano, tarehe 20

Asubuhi Beleshi kauliza hali ya Bosi. Nikamwambia jino linataka kutoka. Kasema, "Mwambie mimi yangu yanataka kutoka pia, ila yanaelekea upande mwingine." Kaniomba nimsogeze mtoto kwenye mkonga. Bosi akapumua humo, fuu, fuu. Beleshi akasikiliza, kisha akasema, "Haya, sasa naweza kufanya kazi."

Alhamisi, tarehe 21

Sina nguvu ya kuandika. Kesho.

Ijumaa, tarehe 22

Niandike polepole, vilevile ilivyokuwa.

Jana mchana mvua ilipiga bati mpaka sikuisikia sauti yangu nikimwimbia Bosi. Alikuwa kifuani. Meno yalimtesa tangu asubuhi, halafu ghafla akalegea, akalala, jasho limemlowesha nywele. Soksi ilikuwa kwenye kengele. Niliiweka mimi kabla sijakaa. Nikasema moyoni, nipo hapa hapa, tk tk nitaisikia. Sikukumbuka kwamba bati linapiga kelele kuliko kuku anayedonoa.

Nilikuwa na furaha. Hilo ndilo linaloniuma. Nilikuwa nimeegemea ukuta, mtoto kalala, nanusa utosi wake, nasema kumbe maisha ni mazuri.

Jioni lori la mbao likaja linapiga honi. Juu ya mbao kalala Beleshi, kafunikwa turubai, rangi imemtoka. Ukingo wa barabara uliporomoka pale Kona, jiwe likamkuta mguu. Alijivuta kwenye tope mpaka kwenye sanduku. Dereva alimkuta kakaa chini ya nguzo, mkono mmoja bado umeng'ang'ania mpini.

Akaniona. Nilikuwa nimesimama kwenye mvua na Bosi mgongoni. Akafungua mdomo, akasema, "Bosi yuko salama?"

Wakampakia kwenye gari la uokoaji, lile lililokuwa limesimama uani mchana kutwa, likaondoka naye hospitali. Nikakimbilia ndani kuitoa soksi.

Haikuwepo.

Jumamosi, tarehe 23

Leo asubuhi nimeiona. Imeanikwa kwenye kamba chini ya upenu, imefuliwa, peke yake, bila mwenzake.

Mama mkwe alikuwa anapepeta mchele. Nikasimama mbele yake, nikasema, "Mama." Akaniangalia midomo, kisha akafumba macho.

Jumatatu, tarehe 25

Msimamizi wa barabara kaja na koti lake la mvua. Kazungusha kutoka Daraja, kazungusha kutoka Kona. Simu imelia kila mara, kengele safi, inatoboa masikio. Kaniuliza, "Siku ile ililia?"

Nikasema, "Sikusikia."

Hilo neno ni la kweli. Na nililisema ili adhani jingine. Sijui kama Mungu anahesabu maneno au anahesabu kilichomo ndani yake.

Msimamizi kamgeukia Fundi. "Simu nzima, mpokeaji yupo kwenye kiti chake, na haikulia. Basi kuna kiungo chako kililegea kwenye mvua, kikajirudisha."

Fundi kasema, "Asubuhi ile nilipita waya wote. Muulizeni mzee mpini ulikuwaje."



Alhamisi, tarehe 28

Wamemuuliza Beleshi hospitalini. Kasema mpini ulikuwa mwepesi.

Fundi amesimamishwa. Msimamizi atarudi tarehe 8 kukata shauri, na watu wanasema shauri limekwisha kukatwa, linangoja kusomwa tu.

Nililala nikishukuru. Naandika hivi ili baba yake mtoto anijue. Nililala nikishukuru kwamba waya ulikatika, si mimi. Nikajiambia kumbe hata bila soksi isingelia.

Ijumaa, tarehe 29

Kama waya ungekatika, ungejiunganishaje wenyewe juu ya nguzo? Mama mkwe anasema yametokea zamani, upepo hugusanisha. Nimelishika neno hilo kama mtu anayezama anavyoshika jani.

Jumanne, tarehe 2 Aprili

Fundi hana ruhusa ya kazi lakini kila siku yuko kwenye nguzo. Anafungua viungo vizima na kuvifunga upya. Kapita hapa leo kuomba maji. Buti zimejaa tope, hazijapigwa rangi. Vidole vimechanika.

Kaniuliza kwa upole, si kwa madaha, "Mama Bosi, siku ile, hata mlio mdogo? Hata wa kukatikakatika? Ningejua ni kiungo cha aina gani."

Nikasema, "Sikusikia, Fundi."

Akatazama mikono yake kama ya mtu mwingine. "Nilikuwa naiamini," kasema. Akanywa maji, akakiosha kikombe mwenyewe, akaondoka.

Mimi ndiye niliyemwambia aiamini.

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Alisoma midomo yetu yote miwili. Fundi alipoondoka, kaniambia, "Usinitazame hivyo. Kiti hiki wakikichukua, chumba hiki wanachukua. Mumeo yuko mbali. Mtoto atakula huruma?"

Nikasema, "Na yule atakula nini?"

"Ana ufundi."

"Alikuwa nao, mama. Umeona mikono yake?"

Akafumba macho. Lakini safari hii hakuyafumba vizuri. Machozi yalipita.

Ijumaa, tarehe 5

Nimekwenda hospitali na chupa ya uji. Beleshi mguu umening'inizwa kwa kamba na jiwe la uzito. Kaniambia, "Hata huku wamenifungia jiwe. Mimi na mawe tumeoana."

Sikucheka. Nikamuuliza, "Mzee, mpini ulikuwaje?"

"Nimekwisha kuwaambia wakubwa."

"Niambie mimi."

Kamtazama Bosi. Bosi alikuwa anatafuna kona ya shuka la hospitali kwa lile jino lake jipya.

"Ulikuwa mzito," kasema. "Mzito kama siku zote. Nikazungusha, nikajua huko chini kengele inahangaika. Nikapumzika, nikazungusha tena. Nikasema huyu mtoto wa watu kasinzia, wiki nzima namsikia Bosi akilia kwenye simu. Nikasema ataamka sasa hivi."

Nikamwambia habari ya soksi. Nilimwambia yote, na kule kunusa utosi.

Mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka kututazama. Nilitaka Beleshi anitukane. Ningebeba tusi nyumbani kama zawadi.

"Kumbe hukusinzia," kasema mwishowe.

"Sikusinzia."

"Afadhali ungesinzia." Akageuza uso ukutani. Halafu, bado kageukia ukuta: "Nilidanganya kwa ajili ya huyo mtoto, si kwa ajili yako. Nilijua Fundi ataumia kidogo. Sikujua wanataka kumfukuza. Mimi mguu hauruhusu nitoke hapa. Wewe una miwili."

Nikaosha chupa, nikaondoka. Njia nzima Bosi aliimba.

Jumamosi, tarehe 6

Mvua. Nimefagia chumba mara tatu.

Jumapili, tarehe 7

Nilifikiri nimwendee Msimamizi faraghani kesho akija, nimweleze taratibu, pengine anifichie. Kisha nikaona: Fundi hakushitakiwa faraghani. Jina lake limepita kwenye waya kila asubuhi tangu siku ile, na vichekesho juu yake, na mimi mkonga sikioni.

Nimemwambia mama mkwe nitakalofanya. Nilisema polepole asikosee midomo. Hakufumba macho. Kasema tu, "Mvalishe mtoto vizuri basi. Siku ya watu wengi."

Jumatatu, tarehe 8

Nimezungusha mlio mrefu. Wakanyanyua mmoja mmoja: Kileleni, Msitu. Daraja alikuwa Msimamizi mwenyewe na Fundi yuko pembeni yake, nilimsikia akikohoa.

Nikasema, "Mimi wa chini. Kabla hamjaitana, nina neno. Siku aliyoumia Mzee Beleshi, waya ulikuwa mzima. Kengele ndiyo haikulia, kwa sababu nilichomeka soksi ya mtoto ili asiamke. Nilikuwa nikifanya hivyo tangu Jumatatu ya wiki ile. Fundi hana kosa, viungo vyake havina kosa. Niliulizwa nikasema sikusikia. Sikusikia kwa sababu niliziba."

Kwenye waya ukimya si ukimya, unasikia pumzi za watu. Nilisikia na mvua ya kila mahali, ya Kileleni nyembamba, ya Msitu inadondoka matone matone.

Mtu wa Kileleni kasema, "Mungu wangu. Soksi."

Msimamizi kasema, "Usiondoke hapo. Nakuja."

Kisha mkonga wa Daraja haukurudishwa mara moja. Kuna mtu aliuchukua. Nikasikia tu pumzi, ndefu, kama ya mtu anayetua mzigo begani na hajui bado kama aukasirikie. Kisha, klik.

Nilipogeuka, mama mkwe kapiga magoti kwenye mkeka. Ametoa ile soksi kwenye mfuko wa gauni lake na anamvalisha Bosi mguuni. Tangu siku ile mtoto alikuwa anavaa moja tu.

Jumatano, tarehe 10

Kiti kimechukuliwa. Chumba tumeachiwa mpaka mwisho wa mwezi, halafu wataangalia. Msimamizi hakufoka. Ningependa afoke. Kaniuliza, "Unajua mguu wa mtu ni nini?" Nikasema najua. Kasema, "Hujui. Utajua."

Jumatatu, tarehe 15

Fundi amerudi kazini. Tumekutana uani. Nimesema, "Fundi, nisamehe." Kasema, "Nasikia," akapita. Buti zake zimepigwa rangi. Nimefurahi kuziona zinang'aa, mimi niliyekuwa nikizichukia.

Jumatano, tarehe 24

Nimeajiriwa kuzibua mitaro. Kazi ya Beleshi. Msimamizi kasema mtaro haungoji mguu upone, na mimi ndiye niliyeuvunja mguu huo, basi niushike mtaro. Malengelenge viganjani. Mama mkwe anabaki na Bosi, nashuka mchana kumnyonyesha na kupanda tena.

Jumapili, tarehe 5 Mei

Beleshi katoka hospitali na magongo. Daktari kasema kupanda mlima basi tena. Nilipika, nikampelekea, sikuweza kuingia ndani, nikaacha sufuria kizingitini. Nimefika njia panda nikasikia anaita, "Hiyo chumvi umemwekea nani, ng'ombe?" Nikarudi.

Jumatatu, tarehe 6

Wamempa Beleshi kiti cha chini. Kiti changu. Kazi ya kukaa na kusikia. Kasema sharti lake ni moja, sisi tusihamishwe kile chumba, maana yeye uji hajui kukoroga na kikongwe asiyesikia ndiye rafiki anayemfaa: atamsimulia uongo wake wote bila kupingwa. Msimamizi kakubali. Mama mkwe kasoma midomo, kasema, "Uongo nausoma pia."

Jumatatu, tarehe 20

Mvua zinapungua. Baba yake mtoto yuko njiani. Nilifikiri kuchana kurasa za katikati. Sitachana.

Leo asubuhi nilifika Kona mapema. Pale ukingo ulipoporomoka pameota majani. Fundi alikuwa amepita kabla yangu: juu ya sanduku ameweka kipande cha bati, kama upenu mdogo, na chini ya nguzo kigoda cha kukalia mtu asiyeweza kusimama. Hakuniambia. Hanisemeshi bado zaidi ya kazi.

Nikakaa kwenye kigoda kile. Nikafungua sanduku, nikashika mpini mahali alipoushika mwenzangu akiningojea. Nikaogopa. Nikazungusha.

Ulikuwa mzito. Nikazungusha tena na mkono wote ukasikia kwamba huko chini kuna kitu kinahangaika, kinapiga kelele kwa ajili yangu.

"Chini hapa," kasema Beleshi.

"Kona hapa, mzee. Mtaro safi. Hakuna jiwe."

"Nimekusikia." Kisha kasema, "Usikate. Kengele yako imemwamsha mtu, na ana hasira."

Nikasikia mkonga unasogezwa, kitu kinagonga meza, na Bosi, mdomo wazi, akilia kwa nguvu zake zote. Nikaubana mkonga sikioni nikamsikiliza mpaka akanyamaza.